Shajara ya mradi: Kupunguza muda wa skrini nyumbani kwetu Tanga

Januari 2025: Kupima kabla ya kupunguza

Mradi huu ni wa nyumba nzima. Wanaohusika ni mimi, mume wangu, mama mkwe wangu tunayeishi naye, binti yetu wa kidato cha pili ambaye wakati wa masomo huwa bweni, na mdogo wake wa miaka mitatu. Tunaishi Tanga mjini. Mume wangu anafanya kazi bandarini na mimi ni mhasibu. Lengo tuliloliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ni kuwa na jioni tulivu, yaani jioni ambayo mtu anaanza mazungumzo na kuyamaliza, mtoto anakula bila kuwashiwa katuni, na usiku watu wazima wanalala usingizi unapowajia badala ya kuukawiza wakiwa wameshika simu. Hatukuandika idadi ya saa tunayotaka kufikia, na sababu yake inahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua sura ya mradi wote.

Mwezi huu hatukubadili chochote. Tuliangalia tu. Simu za Android zina sehemu kwenye mipangilio ambayo Google ilianza kuiweka mwaka 2018, inayoonyesha kila programu imetumika kwa muda gani na simu imefunguliwa mara ngapi. Yangu ilionyesha zaidi ya saa tano kwa siku za kawaida. Nilipoichambua takwimu hiyo kama ninavyochambua daftari la matumizi kazini, niliona kwamba jumla pekee haisemi lolote la maana, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kutuma pesa, kununua umeme, kusikiliza taarifa ya habari, kuangalia saa, kumulika uani umeme unapokatika, kusoma Kurani baada ya swala ya alfajiri, na pia kutazama video fupi ambazo keshoye sikuweza kutaja hata moja. Yote hayo yalihesabiwa kwa kipimo kimoja.

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu jambo hili unamwambia mtu aiache simu nyumbani au aizime siku ya mapumziko. Kwetu ushauri huo haukai. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, na katika nyumba nyingi ndiyo pochi pekee. Mwenye duka la mtaani analipwa kwa simu, ada ya shule inalipwa kwa simu, na mgonjwa wa kijijini anatumiwa nauli kwa simu. Kumwambia mtu wa hapa azime simu siku nzima ni kumwambia atoke bila senti na asijue nani katika ukoo amelazwa.

Nililofanya ni kuandika, kwa kila mara niliyokumbuka, kitu kilichonifanya niishike simu na kitu nilichokuwa nikikifanya nilipoiweka chini. Tukio moja lilinionyesha jambo lenyewe waziwazi kuliko takwimu zote. Umeme ulikuwa umekwisha saa moja usiku, nikanunua LUKU, na ujumbe wenye tarakimu 20 ukaingia. Kati ya kupokea ujumbe huo na kusimama mbele ya mita, arifa za kamati ya harusi zilishuka juu ya skrini, nikazifungua, kutoka hapo nikaenda kwenye hali za watu, na huku sebuleni mama mkwe na mtoto wameketi gizani wakinisubiri. Shughuli iliyonifanya nishike simu ilikuwa ya lazima na ilihitaji dakika moja. Kilichofuata hakikuwa na ulazima wala mwisho.

Basi tukakubaliana kwamba kazi ya mradi ni kutenganisha mambo hayo mawili.

Februari: Kugawa kazi za simu

Mwezi huu tuliziondoa kwenye simu janja kazi zote ambazo chombo kingine kinaweza kuzifanya. Tulinunua saa ya kengele kwa ajili ya chumba cha kulala, tochi inayochajiwa, na redio ndogo ya betri ambayo sasa inakaa jikoni. Hayo yalikuwa mepesi. Jambo lililokuwa na uzito ni kitochi.

Laini yangu yenye pesa niliihamishia kwenye simu ndogo ya vitufe. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi sawasawa na inavyofanya kazi kwenye simu ya bei kubwa, kwa sababu haitegemei intaneti. Tarakimu za LUKU zinaingia kama ujumbe wa kawaida, ujumbe wa benki wenye namba za siri unaingia vilevile, na mtu yeyote mwenye shida nami anapiga na kunipata. WhatsApp nayo, ikishathibitishwa, haihitaji laini ikae ndani ya simu hiyohiyo. Inaendelea kufanya kazi kwa intaneti ya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba simu janja imegeuka kuwa kifaa cha mahali, kinachokaa kwenye rafu karibu na soketi ya sebuleni, na kitochi ndicho kinachokaa mkobani. Ninakwenda sokoni Mgandini nikiwa na pesa zangu zote na namba zangu zote, bila kuwa na chochote cha kutazama.

Ninaliandika hili kwa urefu kwa kuwa nimeshawaeleza watu kadhaa na kila mmoja alidhani kwamba kupunguza skrini ni lazima kuanzie kwenye nguvu ya nia. Nia inahitajika, lakini inachoka. Programu hizi zimetengenezwa na watu wenye ujuzi mkubwa kwa lengo la kumfanya mtumiaji asiondoke. Mbunifu wa Marekani Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 mtindo wa ukurasa unaoendelea kujaa wenyewe kadiri mtu anavyosogeza kidole, ameeleza hadharani kwamba anajutia matokeo ya kazi hiyo. Kabla yake, mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya njiwa na panya kwamba tuzo inayokuja kwa nasibu humfanya mnyama aendelee kubonyeza muda mrefu kuliko tuzo inayokuja kwa mpangilio unaojulikana. Kila mtu anayeburuta skrini kwa kidole ili aone kama kuna jipya yuko kwenye jaribio la namna hiyo. Ndiyo maana nimeamini zaidi kubadili mahali simu inapokaa kuliko kuapa kwamba nitajizuia.

Mume wangu hakuhamisha laini. Kazi yake ina zamu, na ratiba ya zamu inatumwa WhatsApp kwa muda usiotabirika. Yeye ameondoa programu za video kwenye simu yake, na anapotaka kuzitazama anapitia kivinjari, njia ambayo ni ndefu kidogo na inampa nafasi ya kujiuliza kama kweli anataka.

Machi: Ramadhani na makundi ya WhatsApp

Karibu mwezi wote huu ulikuwa wa Ramadhani, na tulitumia fursa hiyo kushughulikia makundi. Nilikuwa ndani ya kundi la ukoo wa baba, la ukoo wa mama, la wazazi wa shule, la kikoba, la mtaa, la kazini, na kamati mbili za harusi. Kujitoa kwenye kundi la ukoo ni kama kususia msiba. Hilo halikufikiriwa hata kidogo. Kwa hiyo nilitumia yale yanayoruhusiwa na programu yenyewe. Tangu mwaka 2020 kundi linaweza kunyamazishwa daima, na tangu mwaka 2021 mazungumzo yaliyowekwa kwenye kumbukumbu yanabaki hukohuko hata ujumbe mpya ukiingia. Makundi yote niliyapeleka huko, nikawa ninayasoma mara moja kwa siku, baada ya futari na kabla ya tarawehe.

Hofu iliyokuwapo ilikuwa ya haki: vipi mtu akifariki, vipi mtoto wa dada akilazwa Bombo usiku? Nilimpigia mjomba wangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia umefunga WhatsApp.”

“Sijaifunga, mjomba. Naisoma jioni tu. Lakini likitokea jambo la ugonjwa au msiba, naomba mnipigie, na nisipopokea mara ya kwanza mpige tena papo hapo. Usiku wa manane simu yangu itaita.”

“Hilo jema. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya zamani. Habari ya msiba haiandikwi tu ikaachwa hapo.”

Maelekezo ya kupiga mara mbili yana msingi. Hali ya Usisumbue kwenye Android inaweza kuruhusu simu ya mtu anayerudia kupiga ndani ya dakika 15, pamoja na namba zilizochaguliwa kuwa vipendwa. Mume wangu ameweka mpangilio huo kwenye simu yake, na kitochi changu kinaita wakati wote. Mjomba mwenyewe aliwatangazia wengine utaratibu huo, na kwa kuwa umetoka kwake, hakuna aliyeuona kuwa dharau.

Kamati za harusi zilihitaji zaidi ya kunyamazishwa. Kila anayechanga hunakili orodha nzima ya michango, huongeza jina lake na kiasi chake chini kabisa, kisha huituma upya, na wengine hufuatisha kwa hongera na vikaragosi, hivi kwamba orodha ya watu 80 inaingia kwenye simu za watu wote kila mmoja wao anapotoa. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati mojawapo kwamba mchango utumwe moja kwa moja kwa mweka hazina, naye aiweke orodha mara moja tu kila siku saa tatu usiku. Alikubali kwa majaribio. Mweka hazina ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa kuwa orodha zilizonakiliwa na watu wengi zilikuwa zikipishana na hesabu zake hazikuwa zikilingana. Kamati ya pili imekataa, kwa hoja kwamba watu wakiona wenzao wanatoa nao huhamasika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na sikuibishia.

Aprili na Mei: Mtoto na katuni

Hii ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote, na ndiyo niliyotaka ifanikiwe kuliko zote.

Mtoto wetu alikuwa hali bila katuni. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji, video ikawashwa, na mdomo ukafunguka wenyewe kila kijiko kilipofika. Video ikikatika, mdomo unafungwa. Kwa mlishaji ni raha, kwa sababu sahani inakwisha haraka. Lakini mtoto huyo hakuwa akijua anakula nini wala ameshiba lini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Milo mitatu pekee ilikuwa ikiimaliza saa hiyo na kupita.

Tulianza na mlo mmoja, uji wa asubuhi, kwa kuwa asubuhi ana njaa na hasira zake ni fupi. Siku za mwanzo alilia na kusukuma kikombe. Hatukumlazimisha na hatukuwasha simu; kikombe kilifunikwa, akapewa tena baadaye. Mama mkwe ndiye aliyeshika usukani hapa. Alimkalisha mtoto mkekani badala ya kwenye kiti, akampa kijiko chake mwenyewe ingawa uji mwingi ulikuwa ukiishia kifuani, na akaanza hadithi: “Paukwa!” Mtoto hakujua kuitikia. Ilibidi binamu yake wa jirani, aliyekuwa amekuja kucheza, aitikie “Pakawa!” kwa niaba yake. Baada ya wiki chache uji ulikuwa ukinyweka bila skrini, tukahamia chakula cha mchana, na mwisho kabisa cha usiku, ambacho kilisumbua zaidi kwa kuwa saa hizo sote tumechoka.

Sikutaka mzigo wote umwangukie bibi. Mtu anapoondoa skrini kwenye maisha ya mtoto, muda ule haubaki mtupu. Lazima mtu mzima aujaze, na katika nyumba nyingi mtu huyo huwa ni mama au bibi. Kwa hiyo tuligawana: bibi anashika asubuhi, dada wa kazi mchana, na usiku ni zamu ya baba anapokuwa nyumbani, au yangu anapokuwa bandarini. Katuni haikufutwa. Mtoto anatazama Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwenye runinga, vipindi viwili vilivyokwisha kupakuliwa, na vikiisha vimekwisha, kwa kuwa hakuna cha tatu kinachoanza chenyewe.

Mwezi Mei tulihamisha pia chaja zote kutoka vyumbani kwenda sebuleni. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu waliosoma kwenye skrini inayotoa mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Walikuwa watu 12 tu, kwa hiyo sitaki kuujengea mambo makubwa. Kwa upande wetu naamini mwanga ni sehemu ndogo ya tatizo; kinachokesha watu ni yale wanayoyasoma, hasa habari mbaya na ujumbe wa kazini.

Juni na Julai: Binti amerudi likizo

Shule ya binti yetu, kama zilivyo shule nyingi za bweni nchini, hairuhusu simu. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za sekondari za chini, na naiunga mkono hatua ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba katazo la shule halimfundishi mtoto namna ya kutumia simu anapokuwa nayo. Likizo inapofika, anaishika kama mtu aliyefunga siku nyingi bila futari, na wazazi tunagombana naye mwezi mzima, kisha anarudi bweni.

Mara hii tuliketi naye wiki ya kwanza na kumwonyesha daftari. Alisoma kurasa zote, kisha akauliza swali ambalo halikuwa limeandikwa popote: “Mama, sasa rafiki zangu nitaongea nao wapi? Wengine wako Moshi, wengine Lindi. Shuleni tunaonana, likizo hatuonani.” Alikuwa na haki. Kwake mazungumzo yale ndiyo baraza lake, na hayakustahili kuwekwa kapu moja na video. Tulikubaliana kwamba kupiga simu na kuandikiana na marafiki hakuna kikomo mchana, na kwamba video fupi ni baada ya kazi za nyumbani, sebuleni, kwa kipima muda anachokiweka mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuonyesha namna ya kuzima video zinazoanza zenyewe, na namna ya kuondoa rangi kwenye skrini usiku ili isivutie macho.

Alihoji pia runinga. Mechi za Simba na Yanga na za ligi ya Uingereza hazikuwa zimehesabiwa popote, na baba yake hakosi. Tulijadiliana kwa muda mrefu, na nilifikia uamuzi ambao naona sasa ulipaswa kuandikwa mapema kwa kuwa ndio kanuni halisi ya mradi huu: tunachopunguza ni kile kisicho na mwisho. Mechi ina dakika 90, inatazamwa na watu watano waliokaa pamoja wakibishana, na refa akipuliza kipyenga watu wanasimama. Taarifa ya habari redioni ina mwisho. Simu kwa rafiki wa Lindi ina kwaheri. Binti aliukubali uamuzi huo kwa sharti kwamba uchambuzi wa baada ya mechi, unaoweza kuendelea hadi saa sita usiku, uhesabiwe kuwa hauna mwisho. Baba yake ameridhia.

Agosti: Hali ilivyo na yanayofuata

Skrini ya simu yangu sasa inasoma chini ya saa mbili siku nyingi za kazi, lakini takwimu ninayoijali zaidi ni ya daftari: safu ya “nilishika kwa ajili ya jambo moja, nikaweka chini baada ya jambo hilo” imejaa kuliko safu nyingine. Mtoto anakula mezani, kwa uchafu mwingi, na juzi alisema mwenyewe kwamba ameshiba. Mume wangu bado anasoma simu kitandani siku za zamu ya usiku, na hatujapata njia nyingine, kwa kuwa anahitaji kujua kama zamu imebadilishwa.

Jambo lililobaki bila ufumbuzi ni la kazini. Kundi la ofisi linaendelea kutuma maagizo saa tatu na saa nne usiku, mengine yakitaka jibu kabla ya asubuhi, na hakuna rafu wala kitochi kinachoweza kutatua hilo kwa upande mmoja. Ufaransa ina sheria inayoanzia Januari 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi, na jirani zetu Kenya walipata mwaka 2022 muswada wa Seneta Samson Cherargei wenye lengo kama hilo. Mimi sisubiri sheria. Nimeandika rasimu ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara, nikipendekeza kwamba maagizo ya baada ya saa kumi na mbili jioni yatumwe kwa barua pepe na yajibiwe asubuhi, na kwamba jambo la dharura lipigiwe simu, kwa utaratibu uleule tunaoutumia kwa misiba. Wenzangu watatu wamekubali kutia saini. Barua inapelekwa wiki ijayo, na mwezi Septemba nitaupeleka utaratibu wa orodha moja kwa siku kwenye mkutano wa wazazi, kwa kuwa kundi lao ndilo linaloongoza sasa kwa idadi ya ujumbe.